Kabla ya kuokota karatasi

Mhariri,

Mmeuliza: kama ungepewa kazi ya kutunga sheria za nchi bila kujua utazaliwa nani ndani yake, mwanamke au mwanamume, tajiri au fukara, mzima au mwenye ulemavu, ungetunga sheria gani? Mkaeleza kwamba wazo hilo ni la mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, aliyeliandika mwaka 1971, na kwamba mtu asiyejijua atamkumbuka mnyonge kwa sababu huenda mnyonge akawa yeye. Nimelisoma nikiwa kwenye cherehani, kazi ikasimama. Sisi wanawake wa Temeke tunaocheza upatu, yaani kila mmoja huchanga kiasi kilekile kila wiki na fungu lote hupewa mmoja kwa zamu, tunalifanya jambo hilo kila mchezo unapoanza, na ninachotaka kuwajibu ni kile kinachotokea baada ya hapo.

Kwenye mchezo, kanuni hupangwa kabla ya kuokota karatasi zenye namba za zamu. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake wote. Anayepokea mwisho amewawekea wenzake akiba bila faida. Kabla ya kuokota, hakuna anayethubutu kumtetea wa kwanza asiyelipa, maana huenda yeye akawa wa mwisho. Karatasi zikishafunguliwa, kila mtu huanza kuongea kwa namba yake.

Mwaka mmoja tulikuwa 12, kila mtu shilingi 20,000 kwa wiki. Kijumbe wetu, yaani mkusanyaji na msimamizi wa mchezo, alikuwa mama mtu mzima, mwaminifu kwa fedha za watu kuliko yeyote ninayemfahamu. Tulikaa barazani kwake tukapanga. Mwenye msiba afanyiwe nini, anayechelewesha atozwe nini, kijumbe naye apewe nini kwa usumbufu. Tulipodhani tumemaliza, binti mmoja muuza chapati, mimba yake ikionekana wazi, akasema: atakayelazwa hospitali, mwenye zamu ya wiki hiyo ampishe, wabadilishane namba. Tukakubali wote, wala hatukubishana. Tukaokota. Binti akapata 11. Mama mwenye duka la vitambaa akapata 4.

Wiki ya nne binti akajifungua kwa upasuaji, na bili ikawa inamngoja kitandani. Kijumbe akatuita. Mwenye duka akasema, dada zangu, ile kanuni ni ya ajali na maradhi ya ghafla, mimba hii wote tuliiona. Akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulikuwa hatujui namba zetu, lakini yeye alilijua tumbo lake. Alijitungia." Barazani kimya. Kijumbe akamwuliza, "Mwanangu, siku ile kabla hujafungua karatasi, ungekubali tuseme uzazi hauhesabiwi?" Naye akajibu, "Mama, siku ile ningekubali lolote."

Kijumbe akashika kanuni kama ilivyotamkwa. Fedha zote 240,000 zikaenda kwa binti. Mwenye duka alikuwa ameziwekea hesabu kununua kanga za Idi. Idi ikapita duka likiwa na vitambaa vilevile vya zamani, na wateja wakaenda kwingine. Mtu asiyefanya biashara ataona ni jambo dogo. Kwa mwenye duka, msimu ukipita hauna wa kukurudishia. Hata hivyo aliendelea kulipa 20,000 zake kila wiki mpaka akapokea namba 11, na hajacheza tena na sisi.

Nilianza barua hii nikiwa upande wa binti, na bado niko upande wake. Lakini kadiri ninavyoandika naona hoja ya mwenye duka ni nzito kuliko tulivyoipokea siku ile. Ni kweli binti alijijua. Ila kwa kujijua kwake ndipo kanuni ilipopatikana! Pale barazani wengi wetu tulikuwa mama wa watoto, na tuliongea misiba na faini, hakuna aliyekumbuka uzazi. Kama naye angefunikwa asilijue tumbo lake, tungeokota karatasi bila kanuni ile. Kwa hiyo siwezi kusema tena, kama nilivyokusudia, kwamba kutojijua kunatosha kuleta haki.

Tazama hapa kwetu. Waliotangaza Azimio la Arusha Februari 1967 walijijua vizuri kabisa kuwa ni viongozi, na wakajifunga wenyewe kwa miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar ikailegeza, na hao nao walijijua. Majirani zetu Kenya waliandika kwenye Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa. Ikaja zamu ya Bunge kutunga sheria ya kulitekeleza hilo, na waliokuwa wamekwisha kukaa kwenye viti wakashindwa kuipitisha, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Hapo alikosekana mtu kama kijumbe wetu, wa kuwauliza jambo hilo uso kwa uso na kulisimamia.

Mkinibana, basi, jibu langu ni hili. Namba ziokotwe kwa kutojua, lakini kanuni zitungwe na watu wanaojijua, mjamzito awepo, asiyeona awepo, mwenye duka naye awepo na asikilizwe kuhusu msimu wake. Mtu akilazwa, atibiwe kwanza, hesabu zifuate. Hilo ningeliandika juu kabisa na nisingekubali libadilishwe baada ya karatasi kufunguliwa. Ningeongeza kwamba anayepisha alipwe kitu kwa hasara yake, maana sisi hatukumlipa mwenye duka hata senti.

Nasema hayo kuhusu matibabu. Kuhusu ardhi na urithi sina uhakika huo, kwa sababu kwenye mchezo wetu kila mtu hatimaye hupokea 240,000 zilezile, wa kwanza na wa 12. Shamba halizunguki hivyo. Aliyezaliwa bila shamba hana wiki yake inayokuja, na kwa huyo kanuni za barazani kwetu hazitoshi.

Fundi cherehani, Temeke