Ukifika Kozhikode, anzia Kuttichira

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Msafiri wa kwetu akipata nafasi ya kuona wilaya moja tu ya India, umpeleke ipi, na aanzie wapi?" Najua wengi watamtaja Taj Mahal wa Agra, na wapo watakaosema Mumbai kwa kuwa ndiko ndege zinakotua. Mimi nampeleka kusini, jimbo la Kerala, wilaya ya Kozhikode, ambayo mabaharia wa zamani waliiita Kalikut. Niliishi huko kwa muda nikimuuguza ndugu yangu, kama wanavyoenda kutibiwa India watu wengi wa pwani yetu siku hizi. Kila nilipopata mwanya nilitoka hospitalini nikatembea. Kwa hiyo nitakayoyasema mengi nimeyaona, na yale ya zamani nimeyasoma baadaye kwa hamu ambayo sikuwa nayo nilipokuwa shuleni.

Hilo la "aanzie wapi" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wageni karibu wote huanzishwa Kappad, ufuo ulio kiasi cha kilomita 16 kaskazini mwa mji. Ni ufuo mzuri, msafi, una miamba, na kando ya barabara pamejengwa nguzo inayosema kwamba Vasco da Gama alitua hapo mwaka 1498. Watu hupiga picha, hunywa maji ya dafu, hurudi garini. Mimi nasema asianzie hapo. Ukianza na nguzo ile, kila utakachokiona baada yake utakiona kama kwamba mji ulizaliwa siku Mreno alipofika. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki ndio wa mwisho wa kukubali hesabu hiyo, maana nusu ya kwanza ya safari ile tunaijua. Aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili akiwa na rubani aliyepewa huko huko Malindi, na tarehe 20 Mei alikuwa nje ya Kalikut. Rubani hakubahatisha. Njia ya kusi kutoka kwetu hadi pwani ya Malabar ilikuwa imepitwa na majahazi kwa karne nyingi, na huko alikowapeleka kulikuwa na bandari kubwa, soko la pilipili na tangawizi, mfalme mwenye cheo cha Samoothiri, na wafanyabiashara Waarabu waliozoea kukutana na wageni wa kila lugha. Isitoshe, wanahistoria wengi wanaona kwamba meli zile zilielekezwa Pantalayini Kollam, karibu na mji wa Koyilandy, kwenye maegesho salama kuliko Kappad. Nguzo imesimama, lakini hata mahali pake pana ubishi.

Basi aanzie Kuttichira.

Ni mtaa wa Waislamu katikati ya mji wa kale, na moyo wake ni bwawa kubwa la mraba lenye ngazi za mawe. Jioni wazee hukaa pembeni yake, watoto hucheza, na pande zote zimezungukwa na nyumba kubwa za ukoo ambamo huishi vizazi vitatu au vinne kwa pamoja. Koo hizo hufuata upande wa mama. Binti akiolewa habanduki kwao, mume ndiye anayekuja. Kwa mtu aliyelelewa Lamu au Mombasa ya zamani, ambako baba hujitahidi kumjengea bintiye nyumba au walau ghorofa juu ya yake, jambo hilo halishangazi sana.

Kando ya bwawa ndipo ulipo msikiti wa Mishkal, na kama kuna jengo moja la kukaliwa siku nzima katika wilaya ile, ni hili. Ulijengwa katika karne ya 14 na Nahodha Mishkal, tajiri wa meli kutoka Yemen. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Kalikut miaka kiasi cha kumi baadaye, akakuta merikebu 13 za Kichina zikisubiri msimu, na akamtaja huyu Mishkal kwa jina, kwamba ana mali nyingi na vyombo vinavyokwenda hadi China na Yemen na Uajemi. Msikiti wake hauna kuba wala mnara. Una mapaa ya vigae yaliyopandana, ghorofa juu ya ghorofa, na karibu yote ya juu ni mbao, zimepakwa rangi ya buluu ya bahari. Mgeni asiyeambiwa hudhani ni hekalu, na ana sababu: maseremala wa Kerala walijenga nyumba za ibada za dini zote kwa ufundi mmoja, kwa mvua ile ile, kwa mti ule ule. Ndani kuna nguzo 24 za kuchongwa na, wanavyohesabu wenyewe, milango 47. Nilisali Alasiri pale. Upepo ulikuwa ukipita kutoka mlango hadi mlango na hapakuwa na haja ya feni.

Ghorofa za juu zina alama za moto. Januari 1510 Wareno walishuka pwani chini ya Albuquerque na Coutinho, wakachoma mji, jumba la Samoothiri na msikiti huu. Miaka mitano tu kabla ya hapo ndugu zao walikuwa wameiteketeza Mombasa na kuiteka Kilwa. Lakini Kalikut haikushikika. Askari wa mfalme, wengi wao Wanair ambao ni Wahindu, waliwarudisha majini. Coutinho aliuawa na Albuquerque akajeruhiwa. Kisha kuna sehemu ambayo mimi naithamini kuliko zote. Mwaka 1531 Wareno walijenga ngome Chaliyam, ng'ambo ya mto kusini mwa mji, iwe mkuki wa kuelekezwa Kalikut. Ilipofika 1571 Samoothiri aliizingira akaibomoa, na mbao zake zikaletwa Kuttichira kuutengenezea msikiti wa Mishkal uliokuwa umeungua. Mfalme wa Kihindu alivunja ngome ya adui, na vifaa vyake akawapa Waislamu wake wainue nyumba yao ya kusalia. Jambo hili halimo katika nguzo ya Kappad. Mwenye kutaka kuelewa wilaya hii ashike hilo kwanza.

Hatua chache kutoka pale upo msikiti wa Muchundi, na ndani yake kuna jiwe la karne ya 13 lenye maandishi ya Kiarabu na ya Kimalayalam cha kale, lugha ya Kerala. Linaeleza kwamba Samoothiri ametoa kipato cha matumizi ya kila siku ya msikiti. Watalii wengi hawaambiwi habari za jiwe hili, na inanisikitisha, kwa sababu ni hati halisi ya mtawala wa dini moja kuutunza msikiti wa dini nyingine, tena miaka zaidi ya 200 kabla ya 1498. Hapo hapo Kuttichira ipo nyumba ya masharifu wa ukoo wa Jifri, waliotoka Hadhramaut. Watu wa Lamu watawaelewa mara moja, maana mtandao ule ule wa masharifu wa Ba Alawi ndio uliotuletea sisi madarasa na maulidi.

Kutoka Kuttichira hadi hekalu la Tali, la Shiva, ni mwendo wa miguu. Hili lilikuwa hekalu la Samoothiri mwenyewe. Kila mwaka, baina ya Oktoba na Novemba, hapo palifanyika Revathi Pattathanam, kikao cha wanavyuoni cha siku saba ambapo walishindana kwa hoja za falsafa na sarufi, na washindi wakapewa cheo na mfuko wa fedha kwa mkono wa mfalme. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia ndani, kama ilivyo katika mahekalu mengi ya Kerala, na kupiga picha hakutakiwi. Nilisimama nje nikaridhika na ukuta wake mrefu uliotuna kwa chini. Sioni ubaya wa sheria hiyo; nasi tuna mahali petu ambapo mgeni husimama mlangoni.

Kanisa kuu la Katoliki la Mama wa Mungu, karibu na uwanja wa Mananchira, lina asili yake katika mapatano ya 1513 baina ya Samoothiri na Wareno, miaka mitatu tu baada ya ule moto. Katika Mtaa wa Halua, ambao wenyeji huuita Mithai Theruvu, kuna uwanja wa Waparsi walioabudu mbele ya moto wao hapo. Wagujarati nao wana mtaa wao karibu na ufuo, na hekalu la Wajaini liko mjini humo. Hayo yote unaweza kuyapitia kwa asubuhi moja, lakini ningemsihi mtu asiyapitie kwa kuhesabu. Akae mahali, anunue halua (ile nyeusi ya nazi ni nzito kuliko ya kwetu na mafuta yake yanabaki vidoleni), aulize maswali.

Kuhusu chakula niseme kidogo tu, ingawa natamani kusema sana. Biriani ya Kozhikode hupikwa kwa mchele wa punje ndogo, wenye harufu, si basmati. Wana pathiri, mkate mwembamba wa unga wa mchele unaoliwa na mchuzi wa nazi. Baada ya mlo huletwa chai kavu ya ndimu iitwayo sulaimani. Kome wanaochumwa kwenye miamba ya pwani hujazwa unga wa mchele na nazi wakakaangwa. Mswahili hatalala njaa huko, wala hataona kwamba anakula chakula cha ugenini.

Siku ya pili aende Beypore, kwenye mlango wa mto Chaliyar, kusini mwa mji. Huko ndiko yanakoundwa majahazi makubwa ya mbao yaitwayo uru. Msaji ulikuwa ukiteremshwa kwa mto kutoka misitu ya Nilambur, na mafundi huunda bila mchoro, vipimo vyote vikiwa kichwani mwa fundi mkuu. Zamani mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, kama mitepe yetu ilivyoshonwa. Chombo kikikamilika huja makhalasi, kazi yao ya ukoo ni kushusha vyombo majini kwa magogo, kapi na kamba, wakivuta kwa wimbo. Wanunuzi siku hizi ni matajiri wa Ghuba wanaotaka jahazi la fahari. Nilizungumza kwa ishara na kwa Kiarabu kibovu na mzee mmoja aliyekuwa akipiga kalafati, na tulielewana kila kitu kuhusu mkuku na mataruma, maana kazi ilikuwa mbele yetu. Vibanda vingine vilikuwa vitupu. Mafundi wetu wa majahazi wa Matondoni, Lamu, na hawa wa Beypore wanapaswa kutembeleana wakati bado wapo. Yeyote mwenye uwezo katika makumbusho yetu au yao akisoma haya, namwomba alifikirie hilo kwa dhati.

Kaskazini, karibu na Vadakara, kuna Iringal, na hapo pana kijiji kidogo cha Kottakkal. (Asichanganye na mji wa Kottakkal wa wilaya ya Malappuram, unaojulikana kwa tiba za mitishamba.) Hapo palikuwa na ngome ya akina Kunjali Marakkar, makamanda Waislamu wa majini wa Samoothiri, wanne waliofuatana, waliowasumbua Wareno kwa karne nzima ya 16. Nyumba yao ndogo sasa ni makumbusho. Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba mfalme na Waislamu wake hawakukosana kamwe. Kunjali wa nne alijitwalia mamlaka, Samoothiri akaungana na Wareno dhidi yake, na mwaka 1600 alijisalimisha akapelekwa Goa akakatwa kichwa. Wenyeji hawafichi habari hiyo. Wanaisimulia kwa uchungu, na mimi niliwaheshimu zaidi kwa hilo. Upande huo huo wa Vadakara liko hekalu la Lokanarkavu, ambalo mashujaa wa kalaripayattu, mchezo wa kale wa silaha na mwili, hulihesabu kuwa lao.

Milimani nitapita haraka. Mashariki ya wilaya ardhi inainuka ghafla kwenda safu ya milima ya Ghats za Magharibi. Maporomoko ya Thusharagiri yanapendeza zaidi baina ya Septemba na Novemba, mvua ikiwa imejaza mito, na barabara ya Thamarassery inapanda kwa kona tisa kali kwenda Wayanad, nyani wakiwa ukingoni. Ni pazuri, lakini kwetu milima na maporomoko tunayo. Cha Kozhikode kisichopatikana kwingine kiko chini, pwani.

Wakati bora wa kwenda ni Disemba hadi Februari, ule msimu wetu wa kaskazi, kukiwa kukavu na joto halijakaza. Juni kusi ikifika huko huwa mvua tupu, na hiyo ndiyo sababu majahazi ya zamani yalihofu kuchelewa. Mjini atumie bajaji na miguu. Misikitini aombe ruhusa kwa wazee kabla ya kuingia kutazama, na asiende Ijumaa mchana kama haendi kusali. Akina mama wajue kwamba ukumbi wa Mishkal kwa kawaida ni wa wanaume, ila nje, ukingoni mwa bwawa, jengo lote linaonekana vizuri.

Na Kappad aende, ndiyo, lakini siku ya mwisho. Akishaliona jiwe la Muchundi na mbao za Chaliyam atajua jinsi ya kuisoma ile nguzo.

Msomaji wenu,
Mombasa