Gesi humfuata mtu hadi mafichoni

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: kwa nini gesi ya sumu imepigwa marufuku vitani ilhali risasi na mabomu yanaruhusiwa? Kwani kifo si kifo?

Mimi nasema haviko sawa. Risasi na bomu angalau mtu hujificha, na watu hujificha chini. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, huko chini ndiko inakoshukia. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungulia zaidi ya tani 150, upepo ukaipeleka hadi kwenye mahandaki ya jeshi la Ufaransa. Humo walikuwamo askari wa Algeria, Waafrika waliopelekwa kufia vita vya wenyewe. Halabja, Iraq, Machi 1988, mabomu ya kawaida yalitangulia. Watu wakaingia na watoto wao kwenye vyumba vya chini ya nyumba, gesi ikawakuta humo humo. Walikufa takriban 5,000.

Kazi yangu ni kutunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja upande wa Nyali, na klorini ya unga naishika kila asubuhi. Siku moja mwenzangu alimimina asidi kwenye ndoo iliyobaki unga kidogo. Stoo ikajaa harufu, macho yakawasha, kifua kikabana pumzi zisipite. Tulitoka mbio, naye akakohoa hadi jioni. Ndoo moja hiyo, na mlango ulikuwa wazi.

Kinachoniuma zaidi ni Ethiopia, majirani zetu. Italia ilikuwa imesharidhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza silaha hii. Hata hivyo, katika vita vya 1935 na 1936 ndege zake zilimwaga gesi ya haradali, ile inayobabua ngozi na mapafu, juu ya askari, wanakijiji na mifugo. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva, mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, akaeleza yote. Mwezi uliofuata Italia ikaondolewa vikwazo ilivyowekewa kwa vita hiyo! Serikali yake ilikuja kukiri rasmi mwaka 1996, na hakuna kamanda aliyeshtakiwa kwa gesi ile.

Mkataba wa 1993 wa silaha za kemikali umekwenda mbali zaidi: unakataza hata kuziunda na kuziweka akiba, na una wakaguzi wake kutoka The Hague. Marekani ilimaliza kuteketeza akiba yake mwaka 2023, na hilo nalipongeza kwa dhati. Lakini klorini haiwezi kuteketezwa, maana ndiyo inayotiwa kwenye maji tunayokunywa. Mwaka 2018 mitungi yake ilidondoshwa kutoka angani juu ya majengo ya makazi kule Douma, Syria, wakafa watu 43. Kwa hiyo kukagua maghala pekee hakutoshi. Aliyeidondosha na mkubwa aliyemtuma wapandishwe kizimbani wangali hai, na waliopona waitwe kutoa ushahidi mbele yao.