Kuchi Hauzwi kwa Macho

Kijana mmoja wa Wete, huku Pemba, kanitumia picha ya pora wake, yaani jogoo mchanga, anauliza: "Ami, huyu ni kuchi, wale kuku warefu wa kupigana?" Hapana, mwanangu. Ana miguu mirefu, sawa, lakini mdomo umenyooka na manyoya yamemjaa kifuani. Huyo ni chotara. Kuchi halisi husimama wima, shingo ndefu, kifua kipana chenye manyoya machache hata ngozi nyekundu inaonekana. Kilemba chake kidogo, na mdomo mfupi, mnene, umepinda kama wa kasuku.

Swali lake limenikuta na furaha. Juzi mteja kavuka kutoka Unguja kuja kumchukua jogoo wangu mwekundu, kanilipa bei niliyotaja, hakupunguza hata shilingi. Jogoo huyohuyo, mwaka jana dalali mmoja alimning'iniza miguu juu mbele za watu akasema, "Hili la kienyeji tu, limerefuka kwa njaa." Watu wakacheka. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu dalali mwenyewe alikuwa akimtaka kwa bei ya kitoweo.

Sikubishana naye. Nilinunua daftari na futi ya fundi cherehani, nikaazima mizani. Tangu hapo kuku wangu wote nawapima asubuhi kabla hawajala, maana gole, ule mfuko wa chakula shingoni, likijaa uzito unadanganya. Muundi, yaani mguu ule usio na nyama, naupima kuanzia kifundo hadi kwenye kanyagio. Kifua nakizungushia futi chini ya mbawa, bila kuikaza. Yule mteja sikumsifia jogoo, nilimfungulia daftari akasoma mwenyewe.

Jogoo wa kawaida wa hapa Pemba ana kama kilo 1.5. Kuchi dume wastani wake ni kama kilo 2.7, na jike kama 1.8. Sasa wewe unayeuza bila kupima, unajuaje unachokitoa?

Vijana, pimeni. Andikeni. Mkimaliza, mwezi ujao pimeni tena. Mnataka pesa za kuchi, lakini banda lenu jogoo wa kila aina anapanda matembe, kuku majike wachanga, halafu mnalalamika vifaranga hawana umbo. Chagueni dume kwa vipimo, wengine watengeni au wachinjeni. Na pora wawili wa kuchi wakianza kutunishiana shingo, watenganisheni siku hiyohiyo, kwa sababu hawa wakishikana hawaachi, na jogoo aliyepofuka jicho hakuna anayemnunua kwa mbegu.