Maji ya Mvua Yanayonuka Tangini

Swali: Maji ya mvua ninayoyakinga kutoka kwenye paa la mabati huanza kunuka baada ya wiki chache. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu msomaji, aghalabu harufu hiyo hutokana na majani, vumbi na vinyesi vya ndege ambavyo mvua ya kwanza huvisomba kutoka kwenye paa na mifereji, kisha vikaozea chini ya tangi. Safisha tangi na mifereji, na maji ya mwanzo yaache yamwagike. Paa la mita za mraba 50 hukupa takriban lita 50 kwa kila milimita 1 ya mvua, hivyo hasara ni ndogo mno. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba, ambao pia huzuia mbu. Ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana maangavu kabisa.