Gari jipya: nipige waksi sasa au nisubiri mwezi?

Usisubiri. Rangi ya kiwandani imeshaokwa kwenye tanuri, imekauka kabisa. Kusubiri ni kwa gari lililopigwa rangi upya gereji. Ila usianze na waksi. Osha kwa shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya kusuuzia kitambaa. (Sabuni ya unga iache kwa nguo.) Kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, upitishe juu ya boneti: ukisikia vichembe vinakwaruza, mara nyingi ni vumbi la chuma lililonasa gari likisafirishwa. Litoe kwa kusugua na udongo maalumu wa kusafishia rangi (clay bar), huku umelowesha boneti kwa maji ya shampuu. Udongo ukianguka chini, utupe. Mchanga ulionasa utachora rangi. Hapo ndipo upake waksi. Ukichagua seramiki (kimiminika kinachokauka kuwa tabaka gumu la kulinda rangi) badala ya waksi, ipake kivulini, gari lisiguse maji kwa saa 24.