Mama anatimiza miaka 65: tumchagulie bima ipi ya dawa?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mama yangu, mzaliwa wa Tanga, anaishi nami hapa Columbus, Ohio, na katikati ya Machi anatimiza miaka 65. Amefua mashuka hotelini kwa miaka 13, hivyo Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, anaipata. Ana presha na kisukari, na mwaka jana daktari alimwanzishia Eliquis, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu mapigo ya moyo wake hayaendi sawasawa. Wakala amekuja nyumbani na bima isiyo na ada ya mwezi, na mama ameipenda. Dada yangu anasema achukue ya jirani yetu, ambaye hajawahi kuilalamikia. Mama mwenyewe anauliza kwa nini asisubiri hadi azidiwe ndipo ajiunge. Tumsikilize nani? (Kitindamimba, Columbus)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kusubiri, kwa sababu ndilo litakalomgharimu mama kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Bima ya dawa ya Medicare, iitwayo Sehemu D, ina muda wake wa kujiunga: miezi mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na miezi mitatu baadaye. Kwa mama yako ni kuanzia Desemba hadi mwisho wa Juni. Akiupitisha muda huo bila kuwa na bima nyingine ya dawa inayotambuliwa kuwa na kiwango sawa, kila mwezi kamili atakaokaa hivyo utamwongezea adhabu ya asilimia 1 ya ada ya msingi ya kitaifa, ambayo kwa mwaka 2026 ni dola 38.99. Akichelewa miezi 30, ataongezewa karibu dola 11.70 kila mwezi, na nyongeza hiyo haiishi baada ya mwaka mmoja wala miwili, bali humfuata kwa muda wote atakaokuwa na bima hiyo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kabla ya kuisoma karatasi yoyote ya wakala, kaa na mama mezani, mwombe alete dawa zake zote, hata zile zilizobaki kwenye mkoba wa safari, kisha uandike kutoka kwenye kibandiko cha kila chupa jina la dawa, uzito wa kidonge kwa miligramu, na idadi anayomeza kwa siku. Orodha hiyo ndiyo itakayowachagulia bima. Kila kampuni ina orodha yake ya dawa inazolipia, imezipanga kwa madaraja ya gharama, na dawa ile ile inaweza kuwa daraja la chini kwa kampuni moja na la juu kwa nyingine. Nyingine hudai kibali kabla ya kuilipia, au humtaka mgonjwa ajaribu kwanza ya bei nafuu.

Nalisema hili kwa uchungu, maana mwaka wangu wa kwanza nilifuata bima ya shoga yangu. Yeye anameza kidonge kimoja cha presha, mimi natumia matone ya presha ya macho. Mwezi Februari nilisimama kaunta ya duka la dawa, kichupa mbele yangu hakizidi kidole gumba, nikaambiwa nilipe bei kamili kwa kuwa matone hayo hayakuwemo katika orodha ya bima yangu. Muda wa kubadili ulikuwa umefungwa tangu Desemba 7. Jirani yenu hajakosea kuisifu bima yake, ila anasifu bima inayofaa dawa zake.

Kuhusu Eliquis, ipo habari njema. Ni miongoni mwa dawa 10 za kwanza ambazo serikali ilijadiliana bei na watengenezaji, na tangu Januari 2026 bei yake ndani ya Medicare ni dola 231 kwa siku 30. Kila bima ya Sehemu D inapaswa kuwa nayo. Tofauti iko kwenye kiasi ambacho mama atachangia, na hapo ndipo neno "bila ada" linapopoteza utamu. Tuseme bima ya kwanza haina ada, lakini inamtaka alipe mwenyewe dola 615 za mwanzo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa mwaka 2026, kisha achangie asilimia 25 ya bei: kwa mwaka, Eliquis peke yake itamtoa kama dola 1,154. Tuseme ya pili inatoza ada ya dola 30 kwa mwezi, lakini Eliquis huchangiwa dola 47 tangu siku ya kwanza: ada na dawa kwa pamoja ni dola 924. Pigeni hesabu ya mwaka mzima namna hiyo kwa kila dawa, na kwa duka lile mnalokwenda, kwani kampuni nyingi zina maduka ambako mchango ni mdogo zaidi. Mwaka 2026, mchango wake kwa dawa zilizomo kwenye orodha hautapita dola 2,100. Dawa iliyo nje ya orodha haihesabiwi.

Muulizeni pia wakala, naye ajibu kwa maandishi: hiyo ni bima ya dawa pekee, au ni Medicare Advantage, ambayo hubeba pia hospitali na madaktari? Nyingi zisizo na ada ni za aina hiyo ya pili, na mama anaweza kujikuta daktari wake wa moyo hayumo katika orodha ya madaktari wanaokubaliwa na bima hiyo. Asitie saini kabla hamjapata jibu.

Kwa pensheni ya mfua mashuka, naomba pia mumwombee Extra Help kupitia Social Security, ofisi ya serikali inayolipa pensheni. Kwa wenye kipato na akiba ndogo, mpango huo hupunguza ada na michango ya dawa. Ushauri wa bure usio na kamisheni mtaupata OSHIIP, ofisi ya jimbo la Ohio. Mama akitaka kuuliza mwenyewe kwa Kiswahili, apige simu ya Medicare, 1-800-633-4227, na aombe mkalimani, halipi chochote.

Na akienda Tanga kusalimia ndugu, Sehemu D haitalipia dawa atakazonunua huko. Wiki chache kabla ya safari, mwombeni daktari amwandikie dawa za siku 90, mkaulize mapema kama bima itaziruhusu zitolewe kwa mkupuo mmoja, na azibebe kwenye mkoba wa mkononi zikiwa ndani ya chupa zake zenye vibandiko.