Maswali na majibu: Flashi ikichomekwa, kompyuta hujuaje?

Nina steshenari Ubungo. Mteja akichomeka flashi, kompyuta inaitambua kabla sijagusa kitu. Nani huiambia?

Flashi yenyewe, dada yangu. Itazame mdomoni: kuna vipande vinne vya chuma, viwili vya pembeni virefu kuliko viwili vya katikati. Vile virefu ni vya umeme, na vimerefushwa makusudi ili umeme utangulie kufika. Flashi ikishaupata, hupandisha waya mmoja wa data, D+, hadi kama volti 3.3 kupitia kizuizi cha omu 1,500. Tundu lililokuwa kimya linapata volti, na hiyo ndiyo hodi. Mausi na kibodi za kasi ndogo hubisha kwenye waya wa pili, D-, kwa hiyo kifaa hujulisha mwendo wake kabla hakijasema neno.

Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haikurupuki. Mkono wa mtu hutetemeka anapochomeka, basi keneli ya Linux, mfumo endeshi mmojawapo, husubiri muunganiko utulie kwa milisekunde 100. Kisha huliwasha tundu upya, na kifaa huitikia kwa anwani 0, ile ya mgeni ambaye hajapewa chumba. Hupewa namba yake kati ya 1 na 127, halafu mahojiano yanaanza: umetengenezwa na nani, u wa aina gani, unataka umeme kiasi gani? Swali la aina ndilo linalokufaa wewe. Flashi karibu zote hujibu 08, namba ya vifaa vya hifadhi, ndiyo maana draiva moja, yaani programu ya kuendesha kifaa, inahudumia flashi za kila kampuni zinazopita dukani kwako. Waliofungua maboksi ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakihamisha vijampa, vile viunganishi vidogo vya kwenye kadi, kwa mkono ili kadi mbili zisigombane, wanajua hii ni neema kubwa.

Shikamoo fundi. Simu nikiichomeka kwenye laptopu inachaji tu, picha sizioni. Laptopu ni mbovu?

Marahaba mwanangu. Badilisha waya kwanza. Waya nyingi za bei ya chini zinazotembezwa kwenye foleni zina nyaya za umeme peke yake. Za data hazimo, hodi haina pa kupita. Waya ukiwa mzima na bado picha huzioni, telezesha arifa za simu uchague kuhamisha mafaili.

Nasoma Mlimani, nimeweka Linux. Wengine wanasema udev ndiyo inayotambua vifaa, wengine keneli. Nani mkweli?

Wote, kwa zamu. Keneli hugundua kifaa na kutoa tangazo. Udev, programu iliyo nje ya keneli, hulisikia, huagiza draiva inayolingana ipakiwe, kisha hupanga ruhusa na majina. Shuhudia mwenyewe: fungua teminali, andika `sudo dmesg -w`, chomeka flashi. Utaona mstari wenye idVendor, yaani namba ya kampuni iliyotengeneza. Ukisoma 0781, hiyo ni SanDisk. Punde linafuata jina kama sdb, ambalo Linux huipa flashi kama diski. Mstari wa kwanza ukitokea na sdb isije, hodi imefika, kwa kawaida ugonjwa uko ndani ya flashi. Kusipotokea chochote, jaribu tundu lingine kwanza. Nawasihi mafundi wenzangu: someni hapo kabla ya kumwambia mtu flashi yake imekufa.

Ni lazima kubonyeza "ondoa" kabla ya kuchomoa?

Kwenye Linux, kila mara. Windows 10, tangu toleo la 1809, imepunguza hatari kwa kuandika kwenye flashi bila kuchelewesha, lakini tabia njema haidhuru. Flashi ikichomoka, keneli inajua papo hapo, ila huwa imeshachelewa. Faili unalonakili hutua kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Dirisha la kunakili likifungwa, huenda sehemu kubwa bado haijafika kwenye flashi.

Binti mmoja aliniletea flashi yenye ripoti yake ya utafiti. Jina la faili lilikuwepo, ukubwa 0. Alikuwa ameichomoa akiwahi daladala ya mwisho, na kompyuta aliyonakilia ilikuwa ya kuazima, imeshafutwa. Tulihangaika hadi magharibi. Tulichopata ni sura mbili za mwanzo, alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe.